Kiredio Sikioni mwa Ta Ildefons

Kama umewahi kusali kigangoni kwetu, huku migombani upande wa Kashozi, basi na wewe ulimpigia kelele Ta Ildefons, yaani Mzee Ildefons kwa Kihaya. Usikatae, sote tulimpigia. Mtu anaita kutoka barabarani, "TA ILDEFONS, UMEAMKAJE!" mpaka kuku wanatawanyika, naye anasimama, anaweka kiganja nyuma ya sikio na kuuliza, "Unasemaje, waitu, ndugu yangu?" Na alikuwa amesikia. Alikuwa amekusikia tangu ulipokohoa kule kwenye kona. Mtu yule angeweza kusikia mkungu ukiiva.

Kilichokuwa kimekufa ni macho. Yalianza kufa taratibu, kwanza pembeni, halafu katikati, na daktari aliyemwona mjini alimwambia wazi kwamba uoni uliokwisha kupotea haurudi, wanachoweza ni kuuchelewesha uliobaki usiishe. Ta Ildefons alirudi nyumbani na chupa ndogo ya dawa ya matone, akamwambia mkewe, "Macho yananisumbua kidogo." Neno hilo "kidogo" alilitunza miaka yote, hata siku alipokuwa haoni tofauti ya dirisha na ukuta. Na kwa kuwa ni mtu mwenye kiburi, namsema hivyo nikimpenda, aliona afadhali ajulikane kiziwi kuliko kujulikana kipofu.

Nieleze kwa nini. Ta Ildefons ni katekista wetu. Padri ana vigango vingi, kwetu anafika mara moja kwa mwezi, na Jumapili nyingine zote anayeongoza ibada ni katekista. Alikuja huku akiwa kijana kutoka Muleba, mtu wa Ihangiro kabisa, tukamcheka Kihaya chake mpaka aliposimama kusoma. Alipofungua kinywa tulinyamaza. Sauti yake ilikuwa nzito, haina haraka, na kila neno lilifika hadi benchi la mwisho likiwa zima. Nadhani hata mkewe, Edvina, aliolewa na ile sauti kwanza, mtu mwenyewe akamkubali baadaye.

Na hapa kwa Edvina nitamlaumu kidogo mzee wetu. Edvina alisoma kwa masista, na katika rika letu hakuna msichana aliyesoma vizuri kama yeye. Mimi nilikuwa darasa moja naye, najua. Lakini Ta Ildefons, alipopewa mimbari, alisoma kila kitu mwenyewe. Wasomaji wengine aliwakatisha tamaa. Huyu anamung'unya, yule anakimbia, mwingine anasoma kama anatangaza mnada. Mkewe hakumkatisha tamaa kwa maneno, la hasha, hakuwahi tu kumwita. Edvina akawa Mama Avit, mke wa katekista, wa kufua vitambaa vya altare na kupika ebitoke, ndizi zetu, padri akija. Jina lake lenyewe tulikuwa karibu kulisahau.

Sasa katekista asiyeona atasoma nini? Ta Ildefons aliliogopa swali hilo kuliko kifo. Kigangoni kwetu kuna benchi moja la mbele, upande wa wanaume, ambapo tunawakalisha wazee tuliokwisha kuwashukuru. Katekista aliyemtangulia alianza kusahau sala, na mwenyekiti wa kigango, Ta Kahangwa, mtu wa utaratibu, alimshika mkono mbele ya watu wote akamwongoza hadi kwenye benchi lile. Alifanya kwa heshima kabisa. Yule mzee alikaa pale mpaka alipofariki, na hakuna aliyemsikia tena akisema chochote zaidi ya amina. Ta Ildefons aliliona hilo kwa macho yake, wakati bado anayo.

Kilichomwokoa ni kiredio. Sisi tunakiita hivyo, ingawa hakishiki stesheni yoyote. Ni kile kimashine cha zamani cha kusikilizia muziki, kidogo, kinatosha kiganjani, kina kigurudumu usoni unachokisugua kwa dole gumba ili kuchagua wimbo. Mwana wao Avit, ambaye ni mwalimu huko Muleba mjini, aliachiwa kimashine hicho na mzungu mmoja aliyewahi kufundisha naye, na hata wakati huo kilikuwa kimepitwa na wakati. Avit alimletea baba yake kikiwa na nyimbo za kwaya, pamoja na kipaza sauti kidogo cha kuchomeka chini yake. Ukikichomeka, kinarekodi.

Wa kwanza kufikiria alikuwa Edvina. Hakusema, "Kwa kuwa huoni." Alisema, "Baba Avit, ukiwa unasikiliza somo Jumamosi unapalilia kahawa, si litakukaa vizuri zaidi?" Akaketi mezani na kitabu cha masomo, akasoma, kiredio kikarekodi. Likizo zikifika, Avit anakichukua, anakiunganisha na kompyuta yake, anapanga kila Jumapili kwa jina lake na kukirudisha. Masomo ya kanisa yana mzunguko wa miaka mitatu, kisha yanarudi yaleyale, kwa hiyo Edvina alisoma miaka mitatu mfululizo mpaka mzunguko ukafunga.

Jumapili ilipofika, Ta Ildefons alivaa koti lake, kiredio mfuko wa ndani, waya ukapita chini ya kola hadi kwenye sikio moja. Watu walipouliza, alisema masikio yamechoka, mwanawe amemnunulia kifaa cha kusaidia kusikia. Basi anasimama mimbarini, anafungua kitabu pale Edvina alipoweka utepe, anainamisha kichwa, anabonyeza mfukoni. Mkewe anamsomea sikioni, naye anatutangazia, nusu pumzi nyuma yake. Sauti ilikuwa ile ile nzito. Watu walisifu: "Mzee kiziwi, lakini kusoma bado!" Na Edvina alikaa kando yangu upande wa wanawake, midomo ikimcheza bila sauti.

Mimi nilijuaje? Nilijua kwa sababu ya senene, wale panzi tunaowala.

Ulikuwa msimu wao, mwezi wa kumi na moja, miaka mitatu iliyopita. Wanangu walikuwa wamekamata mfuko mzima, na kazi ya kunyonyoa mabawa na miguu haifai kufanywa na mtu mmoja, utalala. Nikavuka mstari wa miramura, ile miti ya mpaka, unaotenganisha kibanja chetu cha migomba na chao, nikaingia jikoni kwa Edvina. Nilimkuta mezani na kitabu, anasoma kwa sauti ya kanisani, peke yake. Ta Ildefons alikuwa shambani. Edvina aliponiona alisita, halafu akacheka, akasema, "Karibu, waitu, karibu ndani. Lete hao senene hapa tunyonyoe."

Tukanyonyoa. Nikamuuliza kulikoni, unamhubiria nani, kuku? Akaniambia yote. Nikamwambia, mwenzangu, utachoka. Maneno aliyonijibu nayakumbuka, maana aliyasema huku mikono yake imesimama, na Edvina si mtu wa kusimamisha mikono.

"Kusoma sichoki, Gaudiosa. Kusoma nakupenda tangu shuleni, wewe unajua. Kinachonichosha ni kujifanya. Namwekea chai, nakigonga kikombe kwa kidole ili ajue kilipo, naye anajifanya amekiona. Njiani natangulia nikiimba ili afuate sauti, naye anajifanya ananisindikiza. Watu anawaficha, haya, namwelewa, anaogopa lile benchi. Lakini mimi ananificha nini, wakati macho yake ndiyo mimi? Nalala naye, naamka naye, na hajawahi kuniambia. Natamani siku moja tu aniite jina langu, aseme, Edvina, sioni. Basi. Nitamsomea mpaka nife."

Alilia kidogo, nami nikalia, tukaendelea kunyonyoa. Baadaye ndipo alipotazama mezani akaona ile taa ndogo ya kiredio bado inawaka. Kilikuwa kimerekodi tangu somo la nabii hadi machozi. Tulicheka mpaka tukashika mbavu. Akarekodi somo lile upya, safi.

Avit alipokuja akataka kuifuta ile iliyoharibika, bila hata kuisikiliza, maana mama yake alimwambia tu kwamba wageni waliingia katikati. Hapo Edvina akakataa. Mwanzo wake una neno la Mungu, alisema, na neno la Mungu halitupwi jalalani. Usimcheke. Nyumba zetu zote huku ni hivyo. Rozari iliyokatika inakaa kwenye kopo, kalenda ya kanisa ya miaka iliyopita inakaa juu ya kabati, ukurasa uliochanika wa kitabu cha sala unakunjwa na kuwekwa chini ya sanamu ya Bikira Maria. Mimi mwenyewe nina matawi ya Jumapili ya Matawi yaliyokauka mpaka yanakatika ukiyatazama. Avit hakubishana. Aliiacha ndani ya kompyuta, akaiondolea tiki ili isiingie kwenye kiredio, maana nafasi yenyewe ilikuwa ndogo, akamwambia mama yake kwamba imehifadhiwa. Edvina akaridhika, akaisahau. Nami nikaisahau.

Mwaka huu, mzunguko uliporudi kwenye mwaka ule ule wa masomo na senene wakaanza kuonekana kwenye taa, kiredio kikaanza kuumwa. Kilikuwa na kitu kinachozunguka ndani, kikawa kinakwaruza. Betri nayo, ukiichaji usiku kucha, inakufa kabla ya nyimbo mbili kwisha. Jumapili moja kilizima Ta Ildefons akiwa katikati ya somo. Nilimwona anasimama, domo wazi, mkono unatafuta mfukoni. Akaanza kukohoa. Alikohoa vizuri sana, lazima nimpe haki yake, akatoa ishara kwa kwaya, kwaya ikaimba, na mahubiri akayatoa kichwani. Lakini alipomaliza alipiga hatua ya kushuka mahali ambapo hapakuwa na ngazi, akajishikilia kwenye meza.

Ta Kahangwa aliona. Tulipotoka nje alisema, na alilisema kwa upole, ndiyo maana liliuma: "Mzee wetu amechoka. Masikio hayapo, kifua hakipo. Jumapili ijayo baada ya ibada halmashauri ikae tumshukuru."

Tumshukuru! Ta Ildefons alisikia, maana kiziwi wetu alikuwa amesimama mbali kuliko wote. Edvina aliniambia kwamba hakula siku ile, na alikaa kwenye kiti chake akisugua kile kigurudumu cha kiredio kilichokufa, mbele, nyuma, mbele, nyuma.

Edvina hakuwa na muda wa kulia. Alishuka Bukoba hadi Miembeni, kwa kijana mmoja anaitwa Datius anayetengeneza simu. Datius alikigeuza geuza kiredio akacheka kwa furaha, akasema vitu hivi hakudhani bado vipo hai. Akamshauri: kile kinachozunguka ndani kitolewe, mahali pake iwekwe memori kadi kubwa isiyozunguka, na betri mpya. "Mama, kitakuwa kipya kuliko kilivyotoka kiwandani. Nafasi itakuwa mara nyingi ya ile ya zamani." Alikifungua kwa kipande cha plastiki kama mtu anayefungua ganda la dengu, akafanya kama alivyosema. Kikawaka. Ila kilikuwa kitupu. Datius akamweleza kwamba masomo yote yamo kwenye kompyuta iliyokijaza, na kompyuta nyingine haikitambui, kwa hiyo lazima kirudi kwa Avit kikasinki, yaani kioanishwe, kilichomo kwenye kompyuta kijae humu.

Edvina akapanda gari hadi Muleba, akalala kwa mwanawe. Jumamosi mchana Avit akatoa ile kompyuta yake ya zamani, akachomeka waya, akamuuliza, "Mama, niweke zipi? Sasa nafasi ipo tele."

"Zote," Edvina akasema. "Usiache hata moja. Sitaki tena kudhalilika kwa sababu ya nafasi."

Avit akaweka tiki kwa zote. Mstari ukatembea hadi mwisho. Edvina akabeba kiredio kwenye sidiria, asiamini mkoba, akarudi nyumbani giza likiingia. Mumewe alikuwa tayari amelala, au anajifanya. Asubuhi, kabla ya kutoka, Edvina alitafuta Jumapili ile kwenye kioo. Majina yalikuwa mawili, yanafanana. Akabonyeza la juu, akasikiliza mistari ya mwanzo. Ni somo lenyewe, sauti ni yake, kiredio hakikwaruzi. Akarudisha mwanzo, akamtumbukizia mumewe mfukoni, akampangusa kola. "Kimepona," alimwambia. Ta Ildefons akamshika mkono kidogo.

Kanisa lilijaa. Watu walikuwa wamesikia habari za kikao, na sisi tukisikia kwamba mtu anashukuriwa tunafika mapema. Ta Kahangwa alikaa mbele na miwani yake. Lile benchi lilikuwa na nafasi moja, nadhani wazee walijisogeza bila kukusudia, lakini nilikasirika nilipoiona.

Ta Ildefons alipanda mimbarini bila kukosea. Akafungua kitabu penye utepe, akainamisha kichwa, mkono mfukoni.

"Somo katika kitabu cha nabii," alianza, na nikaona mabega ya Edvina yakishuka kwa kupumua. Sauti ilikuwa nzuri kuliko miaka yote. Betri mpya, nadhani ilimpa hata yeye nguvu. Mstari wa kwanza, wa pili, wa tatu. Ta Kahangwa alianza kutikisa kichwa taratibu, anakubali. Nikajiambia, kikao kimekufa.

Halafu Ta Ildefons, kwa sauti ile ile ya kinabii, kitabu mkononi, akatutangazia kwa Kihaya:

"Karibu, waitu, karibu ndani. Lete hao senene hapa tunyonyoe."

Kwanza tulidhani tumesikia vibaya. Halafu mtoto mmoja akacheka, na kanisa zima likapasuka. Wanakwaya waliinama nyuma ya vitabu vyao. Mzee mmoja kwenye lile benchi alipiga paja, akasema, "Huyo nabii ni wa kwetu!" Mimi sikucheka. Yalikuwa maneno niliyoambiwa mimi, na nilikumbuka kilichofuata. Edvina alinishika mkono, kucha zikaingia.

"Azime," alinong'ona. "Gaudiosa, azime."

Angeweza kuzima. Dole gumba lilikuwa palepale juu ya kitufe. Angekohoa, angeita kwaya, angeanza mahubiri. Lakini hakuzima. Alisimama amefunga kinywa, kichwa kimeinama upande wa lile sikio, anasikiliza. Watu walicheka mpaka wakachoka, wakaanza kutazamana, kisha wakanyamaza. Kanisa zima likawa linamtazama mtu anayesikiliza kitu ambacho wao hawakisikii. Wawili tu kati yetu tulijua ni nini, na tulimfuata kwa uso wake. Alipokunja paji la uso nikajua amefika kwenye kikombe. Alipofumba macho nikajua ni njia, na mkewe anayeimba mbele. Sikuwahi kumwonea mtu huruma kiasi kile, na wakati huohuo nilikuwa na hasira naye, nikisema moyoni, sikia, mzee, sikia leo.

Akachomoa kile kispika sikioni. Akakiacha kining'inie kwenye koti, watu wote wanakiona.

"Edvina," alisema.

Hakuna aliyewahi kumsikia akiliita jina hilo. Watu waligeuza vichwa kutafuta Edvina ni nani.

"Edvina, sioni."

Sauti haikuwa ile ya mimbari. Ilikuwa ndogo, ya Ihangiro kabisa, ya yule kijana tuliyemcheka.

"Sioni hata kidogo. Si macho kunisumbua, yamekwisha. Ni wewe uliyekuwa unawasomea hawa watu miaka yote. Mimi nilikuwa nafuata." Akagusa ukurasa kwa kiganja. "Sijui hata kama nimekishika sawasawa."

Alikuwa amekishika sawasawa. Halafu, kwa sababu alikuwa amemaliza kusema na amesimama mimbarini na kitabu ki mkononi, na kinywa kimezoea, akaongeza:

"Neno la Bwana."

Hata kwaya haikujua ifanye nini. Nikamwona Ta Kahangwa anavua miwani, anaifuta kwa leso, anaivaa tena. Na ni yeye, mtu wa utaratibu, aliyejibu kwanza: "Tumshukuru Mungu."

"Tumshukuru Mungu," tukasema wote.

Edvina aliuachia mkono wangu. Alipita katikati ya kanisa na viatu vyake vya Jumapili, akapanda mimbarini, akasimama kando ya mumewe. Nilidhani atakichukua kitabu. Hakukichukua. Alimwacha akishike yeye, akatafuta kwa kidole pale somo lilipokatikia kwa senene, akaendelea kusoma hadi mwisho. Alisoma vizuri kama zamani darasani, na Ta Ildefons alikishika kitabu kwa mikono miwili, akikisogeza kidogo kila aliposikia anafika chini ya ukurasa.

Halmashauri ilikaa, kama ilivyopangwa, maana Ta Kahangwa hafuti kikao. Walimaliza haraka. Ta Ildefons anaongoza na kuhubiri, Edvina anasoma, na nafasi ya lile benchi akapewa mtu mwingine ambaye magoti yalimtesa kwelikweli. Kiredio kimebaki na betri yake mpya na nafasi yake kubwa; Avit amekijaza nyimbo za kwaya, mzee anasikiliza akichuma kahawa, na sasa anatembea na mkono begani kwa mkewe bila kujifanya anamsindikiza. Ni watu tu waliochelewa kubadilika. Wiki iliyopita nilisikia mmoja anamwita toka barabarani kwa kelele kama kawaida. "Mbona unapayuka?" Ta Ildefons alimjibu. "Kwani mimi kiziwi?"

Juzi tulikuwa tunanyonyoa senene tena, mimi na Edvina, jikoni kwake palepale. Nikamuuliza ile rekodi yetu ya machozi, je, amemwambia Avit aifute sasa, kabla haijatuaibisha tena mwaka mwingine ukizunguka?

Alinitazama kana kwamba nimetukana.

"Ile?" alisema. "Ile haifutwi. Ina neno la Mungu."